Kaboni ya Mjomba na Seva ya Tume

Najua nimekuwa kimya muda mrefu na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nyumbani Nyalikungu kwa wiki mbili, na huko nimekutana na sanduku la bati ambalo halijaniacha nilale vizuri mpaka leo. Nataka niwasimulie habari za sanduku hilo, kisha niwapeleke Nairobi, halafu niwarudishe tena Nyalikungu. Safari ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko ofisini na bosi yuko karibu, isome jioni.

Kwa wasiojua, Nyalikungu ndipo ulipo mji wa Maswa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa mkoa wa Shinyanga, na tangu 2012 tuko mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi. Ni nchi ya pamba. Kama umewahi kupita huko mwezi wa sita au wa saba, umeyaona malundo meupe yakisubiri magari pale kwenye vituo vya kununulia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika. Alifanya kazi hiyo tangu miaka ya themanini. Sasa amestaafu, sikio moja halisikii vizuri, lakini kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Siku ya tatu baada ya mimi kufika, aliniita nimsaidie kutoa vitu kwenye chumba kilichokuwa kinavuja. Ndipo tukalitoa sanduku.

"Fungua," akaniambia. "Humo kuna kazi yangu yote."

Ndani kulikuwa na vitabu vya stakabadhi za pamba. Vingi vimeliwa na mchwa pembeni, lakini namba zinasomeka: kilo, daraja, pamba safi, pamba fifi, tarehe, sahihi. Katikati ya kurasa zilikuwa bado zimebaki karatasi za kaboni, zile nyeusi zinazochafua vidole. Vijana wa leo huenda hamzijui, kwa hiyo nieleze. Unaweka karatasi nyeupe juu, kaboni katikati, karatasi nyingine chini. Unachoandika juu kinajitokeza chini papo hapo. Mkulima anaondoka na yake, nyingine inakwenda ofisini, ya mwisho inabaki kitabuni.

Nikamuuliza mjomba swali la kijinga: "Sasa mkulima akifika nyumbani akiongeza sifuri kwenye karatasi yake, inakuwaje?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Anaiongeza kwenye yake, mwanangu. Kaboni haipandi juu."

Kaboni haipandi juu. Wadau, naomba mlishike neno hilo, maana makala yote ya leo inakaa juu yake.

Mizani kwanza, siasa baadaye

Kuna sababu kwa nini mtu wa Usukuma anathamini sana kipande cha karatasi. Kabla ya ushirika, pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara na mawakala wa wenye viwanda vya kuchambua, na lalamiko kubwa la wakulima lilikuwa mizani. Mkulima alikuwa anajua amebeba mzigo mzito, lakini mizani inasema vingine, na yeye hana chochote mkononi cha kubishia. Hasira hiyo ndiyo iliyomsaidia Paul Bomani na wenzake kuwakusanya wakulima wa Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation, ambao baadaye ulikuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani mwenyewe alikuja kuwa Waziri wa Fedha.

Kwa hiyo ushirika wetu, kabla haujawa siasa, ulikuwa ni ugomvi juu ya swali moja: nani ana nakala ya namba? Mwenye mizani peke yake, au na mimi niliyeleta mzigo?

Ushirika nao ulikuja kuwa na wezi wake, na mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu, kisha vikarudishwa miaka ya themanini. Hayo ni ya siku nyingine. Ninachotaka mwone ni ule utaratibu: hesabu kuu inakaa ndani, kwenye kabati la ofisi, chini ya ufunguo. Nakala inatoka nje, mikononi mwa watu ambao ofisi haiwezi kuwalinda wala kuwasimamia. Nakala ya mkulima inaweza kulowa, kuliwa na mbuzi, kuchorwachorwa. Lakini hakuna baya linaloipata huko nje ambalo linaweza kurudi na kuiharibu ile ya ndani.

Sasa tuingie kwenye kompyuta

Rafiki zangu wa TEHAMA wana tatizo hilohilo, ila wao wanalivalisha suti. Taasisi ina kanzidata muhimu ndani ya mtandao wake uliofungwa. Upande wa pili kuna seva ya nje ambayo umma unaifikia kwa intaneti, na seva ya aina hiyo siku zote ndiyo dhaifu, kwa sababu dunia nzima inaigonga usiku na mchana. Unataka takwimu za ndani zionekane nje. Utafanyaje bila kumfungulia mwizi mlango?

Kosa la kwanza, na ndilo linalofanywa sana kwa sababu ni rahisi, ni kutoboa ukuta na kuiruhusu seva ya nje iingie ndani kuchota yenyewe. Siku seva hiyo ikitekwa, aliyeiteka amerithi lile tundu. Njia salama ni kinyume chake: kompyuta ya ndani ndiyo inayoanza safari. Inachagua cha kutoa, inakitoa, inafunga mlango. Ya nje inapokea tu, haina namba ya kupiga ndani. Fikiria duka la mtaani lenye nondo. Wewe mteja huingii, muuza duka ndiye anayepitisha kiberiti kati ya nondo.

Sehemu nyeti kabisa, kama vile mitambo ya umeme na majeshi, hawaiamini hata programu kwa kazi hiyo. Wanaweka kifaa cha njia moja: upande wa ndani una taa inayotuma mwanga kwenye waya wa kioo, upande wa nje una jicho la kupokea tu. Hakuna taa ya kurudisha. Hata ukiwa mjanja kiasi gani, huwezi kutuma ujumbe ndani kwa kutumia kifaa kisicho na taa. Nilipoelezwa habari ya kifaa hicho kwa mara ya kwanza sikuielewa. Siku ile nimeinama juu ya sanduku la bati, vidole vyeusi, nikaielewa mara moja. Ni kaboni.

Yapo mengine mawili ya kukumbuka. La kwanza, usitoe kila kitu. Toa kile tu ambacho mtu wa nje anakihitaji. La pili, weka alama ya kuthibitisha, sahihi ya kidijitali au muhuri mwingine wowote, ili mtu akiibadili nakala huko nje, wenye macho wagundue.

Mpaka hapa ni ufundi. Lakini majirani zetu wa Kenya waligombana juu ya jambo hili kwa miaka 15, na wengine walikufa. Twende Nairobi.

Kenya: kutoka 2007 hadi 2017

Desemba 27, 2007 Wakenya walipiga kura. Siku tatu baadaye tume ya wakati huo, chini ya Samuel Kivuitu, ikamtangaza Mwai Kibaki, na nchi ikalipuka. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, na mwaka 2008 ikatoa hitimisho la kutisha: kumbukumbu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kusema nani alishinda. Msomaji, tafakari hilo. Watu wamekufa kwa ajili ya namba, halafu wataalamu wanakuja kukuambia namba yenyewe haipo tena. Njiani, kati ya kituo cha kupigia kura na ukumbi wa Nairobi, ilipita mikono mingi mno.

Kriegler akapendekeza matokeo yawe yanasafirishwa kwa mfumo wa kielektroniki ulio salama. Kwenye kura ya maoni ya Katiba, Agosti 2010, ukafanya kazi vizuri na watu wakafurahi.

Machi 4, 2013 ukaanguka. Simu za vituoni zikashindwa kutuma, mfumo wa kupokea ukazidiwa, na kwenye skrini za ukumbi wa Bomas idadi ya kura zilizoharibika ikawa inapanda ajabu, ikapita laki tatu. Baadaye tume, ambayo sasa inaitwa IEBC, ikaeleza kwamba kulikuwa na hitilafu ya programu iliyokuwa inazizidisha mara nane. Hesabu ya mwisho ya kura zilizokataliwa ilikuwa 108,975. Wakarudi kwenye karatasi. Mahakama ya Juu ikayakubali matokeo. Lakini mwananchi aliyekuwa anaangalia runinga alijifunza jambo: kile anachooneshwa kwenye skrini na kile kilichoko ndani vinaweza kuwa vitu viwili tofauti, na yeye hana namna ya kujua.

Tukafika 2017. Mfumo mpya, umenunuliwa kutoka kampuni ya Ufaransa. Kila kituo kina kifaa kinachotuma vitu viwili: namba, na picha ya fomu namba 34A, ile iliyosainiwa na mawakala kituoni. Siku chache kabla ya uchaguzi, Chris Msando, meneja wa TEHAMA wa tume, mtu aliyekuwa akipita kwenye runinga kuwaelezea wananchi jinsi mfumo utakavyofanya kazi, akakutwa ameuawa. Fikiria hali ya nchi ilivyokuwa.

Agosti 8 watu wakapiga kura. Namba zikaanza kumiminika kwenye tovuti ya tume, lakini maelfu ya picha za fomu hazikuwepo. Unaona kura, huoni karatasi zilikotoka. Agosti 11 Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 54.27. Raila Odinga akaenda mahakamani, na hapo ndipo hoja yetu inapowaka moto.

Walalamikaji waliomba seva zifunguliwe. Si kuzigusa, kuzisoma tu. Waone kumbukumbu za mfumo: nani aliingia, saa ngapi, alifanya nini. Mahakama ya Juu ikaagiza wapewe ruhusa hiyo ya kusoma. Tume ikajibu kwamba kuufungua mfumo kungehatarisha usalama wake. Ikatoa kidogo, na mengine haikuyatoa.

Nilipokuwa mdogo kidogo kuliko sasa, nilidhani hoja ya tume ilikuwa ni uongo mtupu. Siku hizi siioni hivyo. Ukimruhusu mgeni aingie moja kwa moja kwenye mtambo wa ndani unaofanya kazi, hata kwa kusoma tu, kweli unatoboa ukuta. Kosa la tume halikuwa kuogopa. Kosa ni kwamba siku ya kubanwa, kitu pekee walichokuwa nacho cha kuonesha kilikuwa ni ule mtambo wa ndani wenyewe. Kama tangu siku ya kwanza picha zote na kumbukumbu zote zingekuwa zinanakiliwa nje, kwa njia moja, mahali ambapo mgeni anaweza kushinda akipekua bila kuathiri kitu, swali la mahakama lingejibiwa kwa saa chache. Ofisi ilikuwa na kabati na ufunguo, lakini haikuwa na kitabu cha stakabadhi.

Septemba 1, 2017, majaji wanne dhidi ya wawili wakaufuta uchaguzi wa rais. Haikuwahi kutokea Afrika kwa mahakama kufuta ushindi wa rais aliyeko madarakani. Majaji walisema tume iliyokataa kufungua mfumo wake haiwezi kulalamika ikidhaniwa kwamba kuna kitu inaficha. Uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26, Raila akaususia.

2022: karatasi zote uwanjani

Miaka mitano baadaye, Agosti 9, 2022, tume ileile, mwenyekiti yuleyule Wafula Chebukati, ikafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii. Safari hii haikumwaga jumla za kura kwenye tovuti. Iliweka picha za fomu 34A, kituo baada ya kituo, vituo 46,229. Mtu yeyote mwenye simu na bando alikuwa anaweza kufungua fomu ya kijiji chake, aone mwandiko wa msimamizi, aone sahihi za mawakala, aone na doa la chai kama lipo. Kesho yake jioni sehemu kubwa sana ya fomu hizo ilikuwa tayari iko hewani.

Mnakumbuka kilichofuata? Vyombo vya habari vikawakusanya vijana vyumbani, wakawa wanafungua fomu moja moja na kuingiza namba kwenye kompyuta zao. Kila kituo cha runinga kikawa na hesabu yake. Wakatofautiana, kwa sababu kila mmoja alianzia fomu za kona yake ya nchi, kisha wakachoka, wengine wakasimama njiani. Tuliokuwa tunafuatilia kutoka Dar tulicheka. Lakini ebu angalia jambo hili kwa makini: watu ambao hawakuwa na ruhusa yoyote ndani ya mfumo wa tume walikuwa wanajumlisha matokeo ya urais wa nchi yao sebuleni.

William Ruto alitangazwa Agosti 15 kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo. Kesi ikarudi Mahakama ya Juu, na moja ya tuhuma nzito ilikuwa hii: kwamba kulikuwa na watu kati ya vituo na tovuti, wanazidaka fomu njiani, wanazibadili, kisha wanaziweka hadharani. Kwa lugha ya mjomba, kwamba kuna mtu aliyeingiza mkono kati ya karatasi ya juu na ya chini.

Safari hii mahakama ilikuwa na kitu cha kulinganisha. Fomu asilia zilikuwepo kwa karatasi. Nakala za mawakala zilikuwepo. Zile za tovuti zilikuwepo, zimeshapakuliwa na maelfu ya watu kabla hata kesi haijafunguliwa. Zikachukuliwa, zikapambanishwa. Septemba 5, 2022 majaji wote saba wakasema hawakuona tofauti za maana kati ya fomu za kwenye tovuti na zile asilia, na tuhuma za kudaka fomu njiani hazikuthibitika. Baadhi ya nyaraka zilizoletwa kama ushahidi wa udukuzi, mahakama ilizikataa kabisa.

Unaweza kumpenda Ruto au usimpende, hilo halinihusu. Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro zake, na makamishna wanne kukana matokeo si jambo dogo. Ninachosema ni kwamba mwaka 2017 bishano lilikuwa "tufungulie tuone", na mwaka 2022 likawa "tulinganishe". Mabishano ya aina ya kwanza hayana mwisho. Ya pili yana mwisho, kwa sababu karatasi ziko mezani.

Na tovuti ile ilikuwa ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mfumo! Ilikuwa nje, imeachwa wazi kwa kila mtu. Hata mtu angeivamia na kuichafua, angechafua nakala. Karatasi za juu zingebaki. Watu wengi hudhani kuonekana na kuhatarishwa ni kitu kimoja, kwa hiyo wakitaka kulinda wanaficha. Lakini kuna maswali mawili hapa. Nani anaweza kuona? Na nani anaweza kubadili? Mwenye akili analegeza la kwanza na kulikaza la pili.

Basi tumwage kila kitu nje?

Hapana, na nina mfano. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, idara za serikali ya Marekani zililaumiwa kwa kunyimana taarifa. Katika kurekebisha hilo, nyaraka za kibalozi zikawekwa kwenye kanzidata inayofikiwa kupitia mtandao wa jeshi, ambao watu wengi sana walikuwa na ruhusa ya kuuingia. Mwaka 2010 askari mmoja wa cheo cha chini akiwa Iraq, ambaye leo tunamfahamu kama Chelsea Manning, akanakili nyaraka 251,287, na WikiLeaks ikazitoa. Zilikuwemo za Nairobi na za Dar es Salaam pia. Wadau wa siku nyingi mtakumbuka kelele zilizozuka nchini kuhusu mazungumzo ya sakata la rada.

Kama mwandishi wa habari sina haki ya kujifanya nilisikitika. Nilizisoma usiku kucha. Lakini katika nyaraka zile kulikuwa na watu waliozungumza na mabalozi kwa siri, wengine katika nchi ambazo mtu anapotea kwa jambo dogo zaidi. Kosa la Wamarekani lilikuwa kunakili ghala zima badala ya kuchagua cha kutoa. Fomu 34A haina alama za vidole vya mpiga kura, haina namba yake ya simu, haimtaji aliyemchagua nani. Kuhusu wapiga kura, ina jumla tu. Ndiyo maana inaweza kutoka nje bila mtu kuumia.

Turudi Nyalikungu

Chini kabisa ya lile sanduku, chini ya vitabu vya stakabadhi, kulikuwa na daftari la shule la kurasa 48. Nililitambua kabla sijalifungua.

Oktoba 31, 2010 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa shule ya msingi, na darasa mojawapo la shule ya jirani lilikuwa kituo cha kupigia kura. Sitakitaja. Giza lilipoingia na hesabu kwisha, karatasi ya matokeo ikabandikwa mlangoni kama sheria inavyotaka. Mjomba hakuwa wakala wa chama chochote. Alikuwa tu na ugonjwa wa makarani: akiona namba, lazima ainakili. Akanishika mkono tukaenda, mimi nikashika tochi, yeye akaandika. Urais, ubunge, udiwani. Mstari kwa mstari, na jumla akaipigia mstari mara mbili kama hesabu ya pamba.

Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi karatasi ilikuwa imebaki kipande kimoja kwenye kona, sijui ni mvua, sijui ni mkono wa mtu. Siku chache baadaye mabishano yakazuka kijiweni kuhusu kura za kituo kile. Mjomba akatoa daftari lake kwa fahari. Nilikuwepo. Mzee mmoja akalipokea, akaligeuza, akasema: "Haya si umeandika mwenyewe?" Watu wakacheka. Mjomba akalichukua daftari, akalikunja, akaondoka. Tangu siku ile sijawahi kumsikia akibishana habari za kura.

Kwa miaka yote hii nilidhani walimwonea. Sasa naona yule mzee alikuwa na hoja, ingawa aliisema kwa dharau. Daftari lile halikuwa kaboni. Lilipita mkononi mwa mtu mmoja, halina sahihi ya mwingine, na lilikuwa moja tu. Mjomba alisema kweli, lakini hakuwa na namna ya kuuonesha ukweli wake. Karatasi ya mlangoni nayo ilikuwa nakala nzuri, imesainiwa, imetoka ndani kuja nje bila njia ya kurudi. Ila maisha yake yalikuwa usiku mmoja, na watu walioiona wanahesabika.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015, kituo cha waangalizi kilichokuwa kinakusanya taarifa za uchaguzi jijini Dar es Salaam kilivamiwa na polisi, watu zaidi ya 30 wakakamatwa na kompyuta kuchukuliwa, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao iliyopitishwa mwaka huohuo. Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchini. Na matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, Katiba yetu ibara ya 41 hairuhusu mahakama kuyachunguza. Siandiki haya ili kutangaza nani alishinda nini. Naandika kwa sababu mtoto wa Nyalikungu anayeshika tochi leo ana haki ya kukuta, keshokutwa, ile karatasi ya mlangoni mahali ambapo mvua haifiki. Teknolojia ipo, na si ya bei ya kutisha. Majirani wameifanya, na mbingu hazikuanguka.

Siku naondoka nilikwenda kumuaga mjomba. Alikuwa amekaa chini ya mwembe na lile daftari magotini.

"Shikamoo mjomba, mimi ndiyo naondoka."

"Marahaba. Hebu njoo. Ile simu yako inapiga picha?"

"Inapiga."

Akalifungua ukurasa wa 2010, akalinyoosha kwa kiganja. Nikapiga picha tatu, akazikagua moja moja kwenye kioo, kama anakagua mizani.

"Haya," akasema, akalifunga. "Sasa ziko mbili."

Nilitaka kumwambia kwamba nakala ya daftari bado ni daftari. Nikashindwa. Nikapanda bodaboda kwenda stendi.

Kazi kwenu wadau. Karibuni tujadili.